Fundi aliyesahau kubandua nailoni

Hung Su-jung amechuchumaa mlangoni mwa duka lake, barakoa usoni, kompyuta ya gemu imelazwa ubavu juu ya gazeti. Mkono wa kulia ameshika kipulizio. Wa kushoto amechomeka kijiti cha kulia wali katikati ya feni ili isizunguke ikaharibika. Anabonyeza. Vumbi linatoka mbio, linavuka kichochoro na kutua kwenye pikipiki ya jirani.

"Jirani, samahani!" anapaza sauti.

"Samahani zako nimezichoka, Su-jung!" anajibiwa kutoka kibanda cha uji wa samaki. "Kila siku mimi ni wa kupangusa tu!"

Bado ni asubuhi, na Tainan imeshaanza kuchemka. Joto la mji huu halina adabu. Linaingia ndani bila hodi, na likishaingia halitoki. Ndiyo maana Su-jung, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, hakosi kazi. Anapoza kompyuta za watu.

Anayecheza gemu nyumbani anaijua shida hii. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Picha zinakwamakwama, na mchezaji anauawa na adui ambaye hata hajamwona. Joto likizidi, mashine inajizima. Kinachoiokoa ni kipozeo, chuma chenye vibati vyembamba na feni, kinachofungwa juu ya prosesa. Katikati yao linawekwa tone la dawa ya kijivu, nzito kama dawa ya meno, ya kupitishia joto.

Na vumbi la hapa si vumbi tu. Nyumba nyingi huweka kompyuta sebuleni, na sebuleni ndipo ilipo madhabahu ya mababu. Udi ukichomwa asubuhi na jioni, feni inavuta moshi wote. Kwenye vibati yanaganda masizi yenye mafuta ambayo upepo hauyatoi. Lazima mswaki na spiriti.

"Mama mdogo, imefika nyuzi tisini na sita tena," anasema Ting Po-yen, kijana anayeuza miwani mtaa wa pili, akishusha mashine yake.

"Umeiweka wapi?"

"Palepale."

"Kwa babu yako?"

"Ndipo penye feni ya ukutani, Mama mdogo!"

"Basi usinililie. Babu anafukiziwa, na mashine inafukiziwa. Bado kuiwekea machungwa ya tambiko tu."

Po-yen anacheka. Kutoka ndani ya duka inasikika sauti ya mzee: "Nani huyo? Mwambie angoje, fundi niko kazini."

Kicheko cha Po-yen kinakatika. Su-jung anainama tena kwenye kazi yake.

Aliye ndani ni mumewe, Hsieh Teng-yuan, miaka sitini na mitano. Duka ni lake. Alilifungua akiwa kijana, enzi ambazo kompyuta ya nyumbani ilikuwa kitu cha kufunikwa kitambaa cha maua. Su-jung alikuja dukani kama mke, akaanza kwa kufagia skrubu, akaishia kuwa fundi. "Alinifundisha kwa matusi," anasema. "Lakini alinifundisha."

Mwandishi wa makala haya, ambaye mashine yake mwenyewe imewahi kulazwa kwenye gazeti hilohilo, anamkumbuka Teng-yuan wa zamani. Mdomo mrefu, mkono mwepesi. Alikuwa na mtindo wake uliojulikana Tainan nzima. Kipozeo kipya huja kimebandikwa nailoni nyembamba chini, pale panapogusa prosesa. Usipoibandua, joto halipiti, na yote uliyofanya ni bure. Ni kosa la wanagenzi, na Teng-yuan alilichukia kuliko wizi. Kila akiibandua alikuwa akimpa mteja mkononi.

"Shika mwenyewe," alikuwa akisema. "Siku nisipokupa hii, rudisha mashine yako na unifukuze kazi."

Wateja walicheka, wakatia nailoni mfukoni, wakaenda.

Mwaka juzi, Po-yen alinunua kipozeo kipya. Teng-yuan alikifunga huku akimsimulia habari za besiboli. Kijana alifika nyumbani, akawasha gemu, na kabla hajamaliza hata raundi moja mashine ikazima. Akaiwasha tena, ikazima. Akafungua mwenyewe. Nailoni ilikuwa ingali pale chini ya dawa ya kijivu, imejikunja kwa joto, na maandishi mekundu juu yake: bandua kabla ya kutumia.

"Nilikasirika," anakiri Po-yen. "Nikapiga video, nikaitupa kwenye kundi letu la wacheza gemu. Ujana tu, kaka. Sikujua."

Kundi liliwaka. Mmoja aliandika kwamba prosesa imevalishwa koti la mvua. Mwingine akauliza kama mzee anapoza mashine au anapika wali. Kesho yake Po-yen akaja dukani na mashine mkononi, na nyuma yake wenzake wawili waliokuja kutazama.

Su-jung hakuamini. "Nilimwambia, we mtoto, usinichezee. Mume wangu? Nailoni? Nikamwambia umeiweka mwenyewe."

Ndipo Teng-yuan akasogea, akaitazama ile nailoni iliyojikunja, akaangua kicheko. "Nani kafanya ujinga huu?" akauliza. "Nani? Mleteni hapa nimpige kofi!"

Alikuwa hatanii. Alikuwa anauliza kweli.

Su-jung anasema alimtazama mumewe machoni, akatafuta walau aibu kidogo, hakuiona. Na kabla hajafikiri, maneno yakamtoka.

"Ni mimi, Baba Kuan-ju. Nilisahau."

Teng-yuan aligeuka mwekundu. "Wewe? Mke wangu mwenyewe? Miaka yote hii nakufundisha na hujui kubandua nailoni? Unanivua nguo mbele za watu, Su-jung! Toka kwenye meza yangu!"

"Nikatoka," anasema. Anavua barakoa na kuufuta uso. "Nikaenda kusimama kwa jirani wa uji nikalia. Si kwa matusi, la. Matusi yake nimeyazoea. Nililia kwa sababu nilijua."

Po-yen naye alielewa palepale. Aliifuta video. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka mlangoni na wale wenzake wawili, na habari iliyosambaa ikawa hii: mke wa fundi ndiye anayeharibu. Su-jung hakuikanusha. Daktari alipothibitisha kwamba kumbukumbu ya mumewe inaondoka na haitarudi, aliikunja karatasi ya majibu, akarudi kufungua duka kama kawaida.

Wateja, wanaomwita mumewe Baba Mkubwa, wakaanza kumwambia usoni. "Mama mdogo, usikasirike, lakini yangu aifanye Baba Mkubwa, siyo wewe."

"Sawa mwanangu," anajibu. "Ataifanya yeye."

Kisha Teng-yuan anaifanya. Na mteja akishaondoka, Su-jung anaibeba mashine hadi chumba cha nyuma, anaifungua upya, anafuta dawa, anaweka nyingine, anakaza skrubu zilizolegea, anaiwasha na kutazama nyuzi za joto hadi zitulie kwenye sitini na kitu. Mteja akija kuichukua, sifa ni za Baba Mkubwa. Hivyo ndivyo mkono ulio safi kuliko yote mtaani ulivyopata jina la mkono mchafu. Inauma, na yeye hasemi kwamba haiumi.

"Inaniuma sana," anasema. "Jana mmoja kaninyang'anya bisibisi mkononi. Mtoto ambaye nimempoza mashine tangu yuko shule!"

Binti yao, Kuan-ju, anafanya kazi mji wa Hsinchu. Hupiga simu kila wiki na wimbo wake ni uleule: mama, fungeni duka, mje huku. Su-jung hataki.

"Nikimtoa kwenye meza ile nimweke wapi? Nyumbani anauliza choo kiko wapi. Hapa, bisibisi anaichukua bila hata kutazama."

Ili kumlinda, aliwaza njia. Kila kipozeo kipya kilichoingia dukani alikibandua nailoni mwenyewe, kimyakimya, kabla mumewe hajakigusa. Asingeweza kukosea tena. Alijiona mjanja.

Teng-yuan alichukua cha kwanza, akakigeuza. Akapitisha kidole gumba chini yake. Hakuna kitu. Akakigeuza tena. Akatazama mezani, akainama chini ya meza, akapapasa sakafuni. Jasho likamtoka. "Iko wapi?" akawa anauliza. "Nimeshaitoa? Nimempa nani? Nimempa nani, jamani?" Akageuza mifuko ya aproni nje. Mwisho akaketi sakafuni, mtu mzima, akalia.

"Nilimkosea," anasema Su-jung. "Nilimnyang'anya kitu kimoja alichokuwa bado nacho."

Tangu siku hiyo anafanya kinyume. Vipozeo vyote, hata vya zamani vinavyotolewa na kurudishwa, anavikatia kipande cha nailoni na kukibandika chini. Teng-yuan anakigeuza, anaipata kwa kidole gumba, anaibandua kwa mkupuo mmoja. Uso unamng'aa. Anampa yeyote aliye karibu: "Shika mwenyewe." Mwandishi alipewa moja asubuhi ile alipofika kwa ajili ya makala haya, na fundi akamtazama akingoja acheke. Alicheka, akaitia mfukoni.

Jina la mkewe lilikuwa limeshamtoka wakati huo. Alikuwa akimwita "dada," na mara mojamoja akimuuliza kwa heshima kama mumewe hatamtafuta nyumbani. Lakini nailoni ikitajwa, alikuwa akikumbuka. "Mke wangu," angewaambia wateja akitikisa kichwa, "huyo aliwahi kunitia aibu kubwa. Su-jung. Hajui kubandua nailoni." Hapo tu ndipo jina lilipomjia. Na Su-jung, aliyesimama kando yake na mswaki mkononi, angesema, "Kweli kabisa, fundi. Mwanamke gani huyo!"

"Niliona afadhali," anasema. "Bora nikumbukwe kwa kosa kuliko nisikumbukwe."

Mwandishi alirudi mwezi wa saba wa kalenda ya kale, wakati meza za vyakula zimetandikwa mbele ya kila duka kwa ajili ya roho zisizo na wa kuzilisha, na moshi wa udi umejaa kichochoroni hadi macho yanawasha. Ni msimu wa kazi. Mashine zilikuwa zimepangwa hadi mlangoni. Po-yen alikuwapo, ameleta ya kwake, ingawa Su-jung alimwambia kwamba ni safi na alikuwa ameileta juzijuzi tu.

"Nimemletea Baba Mkubwa," alijibu. "Aifanye yeye."

Teng-yuan aliketi, aproni imefungwa vizuri. Alifungua mashine, akafuta dawa ya zamani, akaweka tone jipya katikati, dogo, sawasawa. Akachukua kipozeo. Nailoni ilikuwa pale, Su-jung aliibandika kwa mkono wake. Alikishika kwa muda. Kidole gumba hakikwenda chini. Kisha akakiweka juu ya prosesa na nailoni yake, akaanza kukaza skrubu.

Po-yen alifungua mdomo. Su-jung alimshika mkono.

Walimwacha akaze zote. Alipomaliza alijipangusa na kusema, "Tayari, dada. Mwite mwenyewe achukue."

Su-jung alisogea. Alifungua skrubu polepole, akainua kipozeo, akaibandua ile nailoni iliyopakaa dawa, akamwekea mumewe mbele ya macho.

"Nimesahau nailoni, Baba Kuan-ju," akasema. "Nimesahau tena. Ni mimi, Su-jung. Tazama nilivyokutia aibu mbele za watu."

Alingoja. Po-yen naye akangoja. Teng-yuan aliipokea, akaigeuza huku na huku, kisha akampigapiga mkewe begani kwa upole, kama mtu anavyomliwaza mgeni.

"Si kitu, dada," akasema. "Watu husahau."

Su-jung alitoka hadi mlangoni, akasimama kwenye moshi. Jirani wa uji alimwona, akaja na chai baridi ya mumunye, akamshikisha mkononi. Po-yen alibaki ndani, anakaza skrubu za mashine yake mwenyewe.

Je, sasa atafunga duka? Alikwisha kumwahidi binti yake kwamba siku baba yake atakayoiacha nailoni, ndiyo siku watakayohama.

"Kuan-ju ataniuliza, nami nitamwambia uongo," anasema. Amekunywa chai kidogo, macho mekundu, na anadai ni udi. "Kesho ataamka, atavaa aproni, tutakuja. Nitabandika nailoni, na asipoitoa nitaitoa mimi, nimwonyeshe, nimwambie ni mimi niliyesahau. Kila siku nitamwambia. Huenda siku moja aibu ikamchoma, akakasirika, akanitukana kwa jina langu mbele ya wateja wote. Mara moja tu. Sina kingine ninachokiomba."