Viti Viwili Nyuma ya Nguzo

Mtu wa mji wetu mdogo wa Peel akitaka kwenda mji mkuu, Douglas, kuangalia mbio za pikipiki za Agosti, haulizi ofisi ya tiketi akae wapi. Anamuuliza Breesha Kermeen. Anamkuta kwenye banda la kukaushia samaki kwa moshi, ambako mimi na yeye tumepasua samaki kwenye meza moja tangu tulipokuwa wasichana, na Breesha anamjibu bila kuinua kichwa. Usikae safu za chini, utaona migongo ya mafundi wakijaza mafuta na basi. Usikae mwisho wa jukwaa, ukisikia pikipiki inakuja itakuwa imeshapita. Kaa katikati, safu ya sita, uso kwa uso na ubao.

Alikuwa na haki ya kuringa kwa ushauri huo. Mume wake, Finlo, alikuwa mpanda pikipiki, na ukiwa mke wa mpanda pikipiki jukwaa unalijua kama jiko lako.

Ubao wenyewe siku hizo ulikuwa bado wa mbao, mrefu, ng'ambo ya barabara. Njia ya mbio zetu inazunguka karibu nusu ya kisiwa cha Man, inapita vijijini na juu mlimani, kwa hiyo aliyekaa jukwaani humwona mtu wake mara moja tu kila mzunguko. Muda wote uliobaki anaangalia ubao. Kila mpanda pikipiki ana saa yake pale chini ya namba yake, na mshale wa saa hiyo unasogezwa kwa mkono kila simu inapoingia kwamba amepita Ballacraine, amepita Ramsey, amepita mlimani. Akikaribia kurudi jukwaani inawashwa taa. Mshale ukisogea, mtu wako mzima. Nyuma ya ubao kuna miti, na nyuma ya miti kuna makaburi ya mji, nayo hatuyataji.

Basi mwaka ambao Orry, mwana wa pekee wa Breesha, alijiandikisha kwa mara ya kwanza, sote bandani tulijua mama yake atakaa wapi. Safu ya sita, katikati, wapi pengine? Tulikuwa hata tunataniana kwamba atamfukuza Gavana kitini mwake.

Aliyetuletea habari alikuwa mke wa Orry, Colette. Colette ni mtu wa Liverpool, kaja na meli, kaolewa, na mimba ilikuwa imeanza kuonekana. Ana moyo mweupe na mdomo usio na breki. Aliingia bandani na buti zake za mvua akasimama mbele ya mkwe wake, tiketi mkononi.

"Mama, hii ni nini? Safu ya mwisho kabisa, nyuma ya nguzo. Viti viwili, cha kwako na cha kwangu. Ubao hauonekani, barabara haionekani. Wageni unawapa viti vya kifalme, mimi mke wa mwanao unanificha nyuma ya nguzo kama nimeiba."

Breesha alipasua samaki mmoja, akatoa matumbo, akamtupa kwenye pipa.

"Nyuma ya nguzo hakuna upepo," alisema. "Na wewe una mimba."

"Agosti hii, Mama, kiangazi. Upepo gani?"

"Wa Douglas huujui."

Colette alinitazama mimi ili nimsaidie. Nikajifanya natafuta chumvi. Akaiweka tiketi yake juu ya meza, palepale penye magamba, akasema yeye atajinunulia yake, safu ya sita, katikati, kama Breesha anavyowaambia watu wote, na anayetaka kukaa na nguzo akae na nguzo. Akatoka.

Mimi sina subira na watu wanaonyamaza. Nilimwambia Breesha waziwazi kwamba kamkosea mtoto wa watu. Kama hataki kumwona Orry akikimbia, abaki nyumbani. Na kama ni roho mbaya ya kimkwe, basi mimi sikuwa nikimjua miaka yote hiyo.

Alifuta kisu. Alifuta mikono. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Nilijua Finlo alivyokufa, kisiwa kizima kinajua, lakini siku ile mimi nilikuwa kitandani na mtoto mchanga, na sikuwahi kujiuliza shoga yangu alikuwa amekaa wapi.

"Nilikuwa safu ya sita," alisema. "Mshale wake ulifika Ramsey ukasimama. Sikujali, nikasema simu imechelewa. Kisha bwana wa kushoto kwangu akainuka, akavua kofia, akaenda zake. Mama wa kulia naye akainuka. Halafu wa mbele, halafu wa nyuma. Unajua watu wetu, Moirrey. Wanakupisha ili wasikukodolee macho, hiyo ndiyo heshima yao. Nilikaa pale na viti vitupu pande zote, na jukwaa zima nyuma yangu linanitazama mgongo. Wote walijua kabla yangu. Hakuna aliyeniambia neno mpaka kasisi alipofika."

Ni kweli, ndivyo tulivyo. Sisi huona ni ustaarabu kumwachia nafasi aliyefikwa na msiba. Nimeshawahi kuinuka mwenyewe, kanisani na sokoni, na sikuwahi kufikiri anayebaki kitini anaona nini.

"Kwa hiyo nimetafuta kiti ambacho hakina mtu nyuma yake," alisema Breesha. "Nikanunua viwili."

Nikamwambia basi amweleze Colette. Akanikatalia. Wiki ya mbio haisemwi habari ya kufa, na mwenye mimba haambiwi kwamba watu watamkimbia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikaiokota ile tiketi yenye magamba, nikamwambia nitakaa naye mimi.

Asubuhi ya mbio tulikunywa chai jikoni kwake, na hakuna aliyekula. Orry alikuwa anafunga buti zake. Colette, ili kuvunja ukimya, akasema jana jioni kaona panya mkubwa karibu na mapipa. Mkono wa Orry ulisimama kwenye kamba ya buti. Kwetu mnyama huyo hatajwi kwa jina lake, hasa siku kama hiyo. Tunasema mkia mrefu, na aliyekosea hupiga mluzi kuondoa mkosi. Orry alicheka, akapiga mluzi, akambusu mkewe utosini. Breesha alikuwa anasafisha kikombe. Aliendelea kukisafisha kikombe hichohicho mpaka tulipoondoka, na mimi niliona hasira kwa msichana yule, hasira ya bure, kwa sababu nilikuwa na hofu.

Kule jukwaani mambo yalikuwa kama Colette alivyosema. Mbele yetu ilikuwa nguzo ya chuma, nene, imepakwa rangi ya kijani. Breesha alikaa nayo uso kwa uso, akatoa sufu na sindano, akaanza kufuma. Kutoka pale hakuona barabara wala ubao. Alichokiona, chini kushoto, ni kofia ya njano ya Colette, katikati ya safu ya sita. Kushoto kwa Colette alikaa Juan Skillicorn, muuza makaa wa Peel, mtu mzima, mpole, na kulia mama mmoja simjui na blanketi magotini.

Mimi nilijisogeza pembeni ili niuone ubao. Breesha alisema bila kunitazama kwamba nikitaka kuangalia niangalie, lakini nisimwambie chochote, kizuri wala kibaya.

Mzunguko wa kwanza Orry alipita salama. Sauti ya pikipiki yake ilitupita kama kitambaa kinachochanwa, na Colette akasimama akipunga kofia. Breesha hakuinua macho, ila sindano zilikwenda mbio zaidi. Mzunguko wa pili mshale wa Orry ulipita Ballacraine. Nikasubiri uende Ramsey. Walioondoka nyuma yake, mishale yao ikafika Ramsey. Mmoja, wawili, watatu. Wake ukabaki palepale. Nikageukia pembeni ili Breesha asiuone uso wangu.

Nilidhani ninamficha. Lakini Breesha hakuhitaji ubao. Alikuwa anaangalia safu ya sita.

Juan Skillicorn aliutazama ubao, akamtazama Colette kwa pembeni, akautazama ubao tena. Akavua kofia. Akainuka taratibu, akapanda ngazi za pembeni akasimama huko. Baada yake mama wa kulia akakunja blanketi lake. Mbele ya Colette watu wawili wakasogea, na nyuma vilevile, kwa upole, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya mwisho.

Na Colette, masikini wa Mungu, alifurahi. Mtu wa Liverpool angejuaje? Aliweka mkoba wake kwenye kiti cha kushoto na chupa ya chai kwenye kiti cha kulia, akanyoosha miguu, akajishika tumbo. Mbele yake mshale ulikuwa umesimama na nyuma yake watu wote walikuwa wanamtazama mgongo.

Sufu ilianguka. Breesha alikuwa ameshasimama. Alishuka zile ngazi mbele ya jukwaa lote, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, akishika bega la huyu na bega la yule, na mimi nyuma yake. Alipofika kwa Juan Skillicorn alisimama.

"Juan," alisema, si kwa sauti kubwa. "Rudi ukae."

"Breesha, mimi nilitaka kumpa..."

"Najua ulitaka kumpa nini. Niliwahi kupewa. Rudi ukae."

Kisha akaingia safu ya sita, akauinua mkoba, akakaa. Mimi nikaiondoa chupa ya chai upande wa pili. Juan alikuja akakaa karibu yangu, kofia magotini.

"Mama!" Colette aliona ajabu. "Umechoka na nguzo? Nilikwambia. Ona, nafasi tele, wamekwenda kula."

"Ndiyo, mwanangu. Wamekwenda kula."

"Lakini saa ya Orry imekwama. Wale wa ubaoni wamelala, au vipi?"

Breesha alimshika mkono. Aliutazama ubao ule moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ya Finlo, na uso wake ulikuwa hauna damu. Akasema tusubiri. Sijui tulikaa hivyo muda gani, na sitaki kujua.

Kipaza sauti kilikohoa. Kikasema Kermeen amesimama Sulby, kabla ya kufika Ramsey, mnyororo wa pikipiki umekatika, mwenyewe mzima, amekaa juu ya ukuta wa nyumba ya watu anakunywa chai.

Juan Skillicorn alijifunika uso na kofia. Mimi nililia bila haya. Colette alianza kucheka, mnyororo tu jamani, kisha akaona machozi yangu, akaona uso wa mkwe wake, akageuka nyuma. Wale walioinuka walikuwa wanarudi kidogokidogo, wakitazama chini. Yule mama wa blanketi hakurudi.

"Kwa nini waliondoka?" aliuliza.

Breesha akamwambia. Alimwambia yote, palepale, kwa sauti ya kawaida, Ramsey na kofia na mgongo. Colette alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauondoa mkono wake mkononi mwa Breesha.

"Wewe ulijua," alisema. "Ulijua watanifanyia hivi, ukaniacha nije kukaa peke yangu."

Breesha alifungua mdomo. Nilijua anataka kusema alinunua viti viwili. Hakusema.

"Nimekosa," alisema. "Nilitafuta pa kujificha, nikadhani ni pa kutosha sote."

Orry alirudi jioni na mafuta mpaka masikioni, akala vipande vitatu vya mkate na samaki, akaongea juu ya mnyororo na kona ya Sulby, kisha juu ya Agosti ijayo. Aliisema Agosti ijayo kama mtu anavyosema kesho. Hakuna aliyemzuia. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na wanawake wawili waliokuwa mezani walitazamana tu, na mkubwa akamsogezea mdogo siagi.

Mwaka uliofuata, dirisha la tiketi lilipofunguliwa, Breesha alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Safu ya sita, katikati. Colette na mtoto wakae kati, yeye kushoto, mimi kulia. Hakuniuliza kama nataka. Na tangu hapo kila Agosti ninakaa pale mpaka ile taa iwake, na ninamlaani Orry kwa majina yote, hata lile la yule mwenye mkia mrefu, lakini siinuki.

Watu bado wanakuja bandani kumuuliza. Anawajibu vilevile, bila kuinua kichwa: si chini, si mwisho, safu ya sita uso kwa uso na ubao. Wanashukuru, wanageuka kuondoka. Hapo ndipo anaposimamisha kisu.

"Na nani atakaa karibu na wewe?" anauliza.

Wengi hudhani ni maneno ya kupitisha muda, wanacheka, wanasema yeyote tu, Bi. Breesha, jukwaa si la wote? Hacheki nao. Anasubiri na samaki mkononi mpaka wamtajie jina.