Siku Niliyodhaniwa Afisa wa Mafuriko

Kisa hiki sijawahi kukisimulia mbele ya mke wangu kikafika mwisho, kwa sababu tukikaribia pale nilipoletewa kiti yeye huanza kucheka na mimi huona haya upya, kwa hiyo leo kwa kuwa hayupo nitakisema chote, na mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea.

Mnajua mimi ni mtu wa Kirando. Nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, na ziwa lilipopanda miaka ile likachukua nyumba ya baba, choo chake na vichanja vyote vya kuanikia dagaa, ndipo nikahamia Sumbawanga na biashara yangu ya dagaa na migebuka, wale samaki wetu wa ziwani, waliokaushwa, tukapanga vyumba viwili pale Milanzi. Basi tulipoanza kutafuta nyumba ya kununua, mke wangu Zuhura alikuwa na sharti moja tu. Alisema nyumba yoyote nitakayoipenda, kabla sijamkubalia mtu, nijue kwanza masika ikikolea maji yanafika wapi. "Mimi sihami tena na godoro kichwani," alisema, na mjadala ukafungwa hapo.

Nyumba nikaipata mwezi wa saba. Seremala mmoja anaitwa Oresti, mtu mpole wa maneno machache, alikuwa anauza nyumba yake ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, kuta zimepakwa chokaa safi, chini kabisa ya mtaa karibu na mto. Mto wenyewe kiangazi kile ulikuwa umebaki uzi wa maji ambao kuku angeuvuka bila kulowa magoti (kama kuku ana magoti, sijawahi kuhakikisha). Nikamwuliza Oresti habari za maji, akasema maji hupita kulekule mtoni. Niliondoka nimeridhika, ila usingizi ulipokataa nikaligeuza lile jibu nikaona halijajibu kitu. Tulishapatana nirudi Jumamosi saa nne anioneshe tena, na tukielewana tuandikiane.

Sasa hapo ndipo nikajifanya mjanja. Nikaamua kufika saa mbili, kabla yake, nipime mwenyewe na kuwadodosa majirani. Asubuhi ile kulikuwa na baridi yetu hii yenye upepo, nikavaa koti zito la rafiki yangu anayefanya kazi za barabara, la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa, nikachukua futi kamba ya fundi, daftari na kalamu. Kwangu mimi lilikuwa koti la kuzuia baridi tu. Sikujiona kwa macho ya watu.

Nilikuwa nimechuchumaa ukingoni, napima kutoka majini hadi juu, mama mmoja akatoka nyumba ya jirani na beseni la vyombo. Ndiye Mama Leokadia, mtu mzima, sweta juu ya kitenge. Nikampa shikamoo, akaitikia, akalitazama koti, akaitazama futi, akauliza, "Mmekuja kwa ajili ya yale maji?"

Ningesema pale kwamba mimi ni muuza dagaa natafuta nyumba, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini nikawaza, nikijitaja kuwa mnunuzi huyu mama hatamharibia jirani yake biashara, ataniambia mtaa mzima ni mkavu. Nikasema, "Ndiyo mama, ni mambo ya maji." (Si uongo, nilijiambia, nimekuja kwa mambo ya maji kweli. Lakini mtu akianza kujitetea moyoni kabla hajashtakiwa, ajue ameshakosea.)

Akatua beseni. Akamwita jirani yake kwa Kifipa, na Kifipa changu ni cha kubahatisha, nikaambulia neno moja tu: serikali. Kabla sijapata la kusema kiti kimeshaletwa, nimeshakalishwa, na Mama Leokadia anaweka kiganja chake ukutani kunionesha masika iliyopita maji yalifika hapa, na ile ya kabla yake yalifika hapa, na hiyo "hapa" ya pili, nikisimama, ni kiunoni kwangu. Nikajifanya kuuliza tu, na ile nyumba ya pale chini je? Akasema ile ndiyo huanza kuingiliwa kabla ya zote, mama mzazi wa Oresti alitolewa mle amebebwa mgongoni, amefunikwa blanketi, na maji yalipokauka Oresti akapaka chokaa.

Jamani, nilishapata nilichokifuata. Kilichobaki ni kuinuka, kushukuru na kwenda zangu. Lakini uji ulikuwa umeshaletwa, kikombe cha moto, na huwezi kuondoka na uji wa mtu haujanywewa, na wakati napuliza ule uji watu wakaanza kuja, huyu na huyu, kila mmoja anataka jina lake liandikwe na kilichompotea kiandikwe. Nikaandika. Magunia ya mahindi yaliyoota yakiwa ndani ya nyumba, cherehani, kuku wote wa mjane mmoja, madaftari ya watoto, ukuta wa nyuma uliolala chali. Sikuwa na moyo wa kuwakatiza, halafu, niseme ukweli, nilianza kunogewa. Nikawa nauliza hata yasiyonihusu, maji yaliingilia mlangoni au dirishani, kwa sauti nzito ambayo dagaa wangu hawajawahi kuisikia.

Aliyenimaliza ni mwenyekiti wa mtaa. Alikuja amechomekea shati, faili kwapani, na mle ndani mna nakala za barua zote alizowahi kuandika kuomba mtaro uchimbwe na ukingo uinuliwe. Mtu aliyenizidi miaka isiyopungua ishirini akaupokea mkono wangu mmoja ndani ya mikono yake miwili, akasema walishakata tamaa kwamba kuna atakayekuja. Nikaanza kumwambia kwamba, mwenyekiti, naomba tuzungumze pembeni kidogo, lakini alishawageukia watu waliojaa uani, akarudi kwangu, akasema, "Waambie neno, hata kama ni dogo. Wamengoja sana."

Nikasimama. Mdomo ukafunguka wenyewe nikajisikia nasema, "Ndugu wananchi." Nikasema tumeyasikia, tumeyaona, nikawa natafuta sentensi ya kutokea kama mtu anayetafuta mlango gizani, na ndipo Oresti akatokeza kwenye kona anakokota baiskeli, saa nne kamili kama tulivyopatana. Akaniona, akatabasamu, akasema kwa uungwana wake wote, "Kumbe mnunuzi wangu umeshafika, nikadhani nitakungoja."

Afadhali wangepiga kelele. Waligeuka wote wakanitazama. Mama Leokadia akauliza taratibu, "Mnunuzi wa nini?" Oresti akajibu ni wa nyumba, kisha akaziona nyuso za watu, akaliona daftari langu, akaelewa nilichokuwa nimeambiwa, akainamisha kichwa, tukawa wawili wa kuaibika.

Nikasema kweli yote nikiwa bado nimesimama pale. Jina langu, Ramadhani. Kazi yangu, dagaa. Koti, la kuazima. Mmoja nyuma akacheka, wakafuata wengine, na hakikuwa kicheko kibaya lakini masikio yangu yaliwaka. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa anafunga uzi wa faili lake, polepole, akaniambia bila kuniangalia, "Mdogo wangu, ungesema tu unataka kununua. Nani hapa angekuficha, uje uzame na watoto wako?"

Oresti ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba na yeye aliinunua ile nyumba kiangazi, hakumwuliza mtu, na kwamba alitaka kumtoa mama yake kabla masika haijarudi kwa sababu mgongo wake hauwezi tena kumbeba. Hakuna aliyemgombeza. Hata mimi, niliyekuwa karibu kuuziwa mafuriko, sikuweza.

Mama Leokadia akanyoosha mkono, akasema, "Basi turudishie majina yetu." Hilo ndilo lililonichoma kuliko vicheko vyote. Nilifungua daftari ili nizichane zile kurasa, halafu nikamwuliza mwenyekiti, zile barua zako zina majina? Akasema zinasema wananchi wa mtaa. Nikamwomba aniruhusu nimalize kuwaandika waliobaki, safari hii kama Ramadhani muuza dagaa, kisha orodha aichukue yeye aiambatanishe. Alilitazama daftari, akalitazama faili lake. Kisha akaniashiria kiti. Nikavua lile koti, nikakaa na baridi yangu, nikaandika mpaka mtu wa mwisho.

Jumatatu tulikwenda na mwenyekiti ofisi ya manispaa, mimi nikiwa nyuma kama mbeba mizigo, orodha ikapokelewa. Kabla ya mvua mtaro ukachimbwa, upande mmoja tu, na masika ile maji yalifika kizingitini kwa Mama Leokadia yakaishia hapo. Kwa Oresti yaliingia, ya kufika vifundo vya miguu, lakini mama yake alikuwa ameshahamia kwa binti yake mjini. Nyumba hajaiuza. Akipata mtu wa kuiulizia, humpeleka kwanza kwa Mama Leokadia.

Mimi niliendelea kutafuta, nikapata nyumba nyingine juu mlimani, nzuri, upepo tele. Sikuzunguka. Nilimwendea dada mmoja jirani aliyekuwa anaanika nguo, nikamsalimu, nikamwambia naitwa Ramadhani, nauza dagaa sokoni, nataka kununua nyumba ile pale, naomba aniambie ukweli wake kuhusu maji. Akabana kibanio chake kwenye kamba, akasema, "Maji huku hayafiki, kaka. Ila wenye nyumba ile ni ndugu watano, hawajakubaliana kuuza, na wewe nimekuona ukiongea na mmoja tu."

Nikamshukuru, nikashuka mlima. Bado tumepanga, Zuhura haniharakishi. Lakini nimeapa: sitamwuliza tena mtu yeyote swali kabla hajajua anaulizwa na nani.