Jina la Marehemu kwa Herufi Nene

Mjane alikuja kwenye duka langu la uchapishaji mtaani Free Area, akaweka simu yake juu ya kaunta. Pichani kulikuwa na ukuta wa bucha kule Mau Narok, na neno NYAMA limeandikwa kwa herufi nene za mviringo, zenye kivuli upande wa kulia. Mume wake ndiye aliyeziandika. Maduka mengi ya kule aliyaandika yeye, kwa brashi.

"Nataka jina lake likae hivi kwa programu ya mazishi," akaniambia. "Asiandikwe kama barua ya benki."

Nilitafuta kwenye kompyuta hadi nikapata fonti ya mtindo ule wa kizamani, yenye tumbo kubwa na miguu mifupi. Fonti ya aina hiyo haitaki maneno mengi. Jina moja kubwa inalibeba vizuri, lakini ukiipa aya nzima, matundu ya a na e yanazibwa na wino na msomaji anachoka. Nikaitumia kwa jina peke yake, juu ya picha. Habari za maisha yake nikaziandika kwa herufi nyembamba za kawaida.

Siku moja kabla ya mazishi, nikiwa nimechapisha nusu, kaka mkubwa wa marehemu alikuja kuchukua mzigo. Alishika nakala moja, akaitazama kwa muda.

"Hizi ni herufi za disko. Badilisha."

"Mzee, aliyeniagiza ni mke wake."

"Mimi ndiye mkubwa kwa hiyo boma."

Nikampigia mjane. Hakupatikana. Nikapiga tena. Mzee alikuwa amezunguka kaunta, amesimama karibu nami, kiganja chake juu ya printa. Kubadilisha fonti ni kazi ya dakika mbili, na hilo ndilo lililonitesa. Nikamwonyesha picha ya ukuta, nikidhani itamtuliza.

"Huo ukuta naujua," akasema polepole. "Hapo ndipo alianguka na ngazi. Nilikuwa nimemwambia aache hiyo kazi. Sasa unataka nishike herufi zake kanisani?"

Mjane alikuwa ameniambia mumewe alikufa kwa ajali tu, bila kutaja ngazi wala ukuta. Lakini sikugusa kompyuta. Nilimpa kiti, tukasubiri karibu saa nzima, mpaka simu yangu ikalia. Alikuwa mjane. Nikampa mzee azungumze.

Alisikiliza muda mrefu. Sijui mjane alimwambia nini. "Sawa, shemeji," akasema, akanirudishia simu. "Malizia."

Nilipomaliza kuchapisha, alibeba boksi mwenyewe, akakataa nimsaidie.

Kesho yake nilienda kuzika nao. Mjane alikaa mbele, programu mapajani, jina likitazama juu. Shemeji yake alikuwa ameikunja ya kwake, jina likawa ndani. Baadaye, kwenye chai, alinisalimia kwa mkono, akapita.