Misaji Yenye Mshipi Mwekundu

Asubuhi ile Mama Misaji aliwahi kufika msituni kabla ya mdogo wake na vijana wake. Alikuwa na chupa ya chai, na hasira iliyokuwa ikilala naye kitanda kimoja tangu walipomzika baba yao. Alichagua mti mnene wa msaji uliokuwa katikati, akauegemea, akanyoosha miguu.

Msitu haukuwa wake. Ulikuwa wa mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, mzee ambaye magoti yalimkataza kuvuka hata mtaro. Lakini hakukuwa na shina mle ndani ambalo mikono ya Mama Misaji haikulijua. Tangu alipoachika na kurudi nyumbani, alifanya kazi na baba yake: kufyeka magugu, kupogoa matawi ya chini, na kila baada ya misimu kadhaa kupunguza miti ili inayobaki ipate nafasi ya kunenepa. Wakataji wengine wote huweka alama kwenye mti wa kuangushwa. Baba yao alikwenda kinyume nao. Alizungushia mshipi wa rangi nyekundu mti wa kubaki, ule ulionyooka na wenye kichwa kizuri. Ule mbovu hakuupa hata tone.

“Ya nini kumpamba anayeondoka?” alikuwa akisema.

Walikuwa wamemaliza kupaka alama za mwaka huo, baba na binti, mzee alipoanguka bafuni asiinuke tena.

Mdogo wake Mama Misaji alikuja kuzika kutoka mjini, ambako kazi yake ilikuwa kuangusha miti ya kando ya barabara. Alilia kweli, hilo tusimnyime. Kisha akafuta machozi, akabeba msumeno wa mashine wa marehemu, akaupakia kwenye gari. Urithi wa mtoto wa kiume, alisema. Siku chache baadaye Mama Misaji alikwenda kwa mwalimu kuuliza kazi ianze lini.

“Pole na macho, binti yangu,” mwalimu alimwambia.

“Macho gani, mwalimu?”

“Mdogo wako amenieleza yote. Kwamba huoni vizuri tena, umeacha kazi za msituni. Nimemkabidhi yeye. Nimemwambia afuate alama za marehemu, basi.”

“Mimi? Naona hadi chunusi iliyo puani kwako.”

Mwalimu alishika pua, akafadhaika. Lakini neno lake alikuwa ameshalitoa, na alikuwa mtu wa kujivunia neno lake.

Mama Misaji angeweza kusema palepale: muulize kama anajua maana ya alama hizo. Alifungua kinywa. Akaiona kofia ya mdogo wake imetundikwa kwenye msumari wa barazani, kana kwamba mwenyewe alishakuwa mtu wa nyumba ile. Akafunga kinywa.

Sasa gari liliingia, na mdogo wake akashuka.

“Ah, dada! Umekuja kujifunza kazi?”

Vijana walicheka.

“Nimekuja kuona.”

“Kwa macho hayo?”

Wakacheka zaidi. Mama Misaji alisubiri wamalize.

“Yananitosha. Kuna lolote unataka kuniuliza kuhusu msitu huu, mdogo wangu? Niulize sasa hivi.”

“Nikuulize wewe? Nimeangusha mti mbele ya benki, vioo pande zote, kisipasuke hata kimoja. Kunywa chai yako, dada.” Akawageukia vijana. “Yenye rangi, yote chini!”

Kazi aliijua. Alikata mdomo upande wa kuangukia, akazunguka nyuma, akagonga kabari, na msaji ukalala pale pale alipotaka. Ulikuwa ule ambao Mama Misaji aliupogoa akiwa juu ya ngazi, baba ameishika kwa chini, akimtania kwamba akizidi kunenepa ngazi itaota mizizi. Kishindo kilimuuma. Na bado, chini ya maumivu, palikuwa na utamu. Endelea, alimwambia kimoyomoyo. Na huo pia. Jichimbie kaburi.

Mashine ilipozimwa ili kuongezwa mafuta, kijana mmoja alijikuna kichwa.

“Bosi, mbona tunaangusha mizuri, tunaacha hivi vibiongo?”

Mdogo wake aliangalia magogo, kisha akamwangalia dada yake. Mama Misaji aliliona swali limemfika kooni. Vijana wote walikuwa wakimtazama.

“Ndiyo iliyokomaa,” alisema. “Washa mashine.”

Wakaja hadi kwenye mti alioegemea Mama Misaji.

“Shangazi, tupishe. Huu nao una rangi.”

“Basi tukateni wote wawili.”

“Mwacheni,” mdogo wake alisema. “Atazeeka nao.”

Akiwa barazani kwake, mwalimu aliliona anga limefunguka pasipostahili, akaletwa kwa pikipiki, amemkumbatia dereva kama mtoto. Alisimama katikati ya visiki.

“Nilikwambia ufuate alama!”

“Si ndizo nilizofuata, mzee?”

“Alama ni za kubaki! Baba yako alipaka mti wa kubaki!”

Mdogo wake aligeuka taratibu.

“Dada. Ulijua.”

“Nilikwambia uniulize.”

“Mimi damu yako!”

“Na macho yangu je?”

Mwalimu ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: “Na wewe ulikaa hapo ukinywa chai?”

Mama Misaji aliitazama chupa. Hakuwa ameifungua.

Msitu ulirudi kwake, maana mwalimu hakuwa na mtu mwingine aliyeujua. Ulirudi ukiwa na vibiongo, na msaji mmoja wenye mshipi mwekundu. Habari zilifika kila karakana ya mbao, na simu ya mdogo wake ikanyamaza. Mvua ziliponyesha, visiki vya misaji vilichipua, kila kimoja na kichaka chake. Hapo ndipo alipokuja kusimama mlangoni kwa dada yake, kofia mkononi, kuomba kibarua.

Mama Misaji alimpa panga.

“Kila kisiki, bakiza chipukizi moja. Mengine yote kata.”

“Nibakize lipi?”

“Utaniuliza.”

Na kweli alikuwa akiuliza. Alikwenda kisiki baada ya kisiki, ameinama, jua mgongoni, huku dada yake ameegemea mti wake kivulini.

“Hili, dada?”

“Hapana.”

“Hili je?”

“Hapana.”

“Basi hili hapa. Dada? Hili?”

Chipukizi lilikuwa zuri, limenyooka, na Mama Misaji alikuwa ameliona tangu mwanzo.

“Ngoja kwanza, usinyanyuke,” alisema, akafungua chupa ya chai. “Niliangalie vizuri. Si unajua macho yangu?”