Ng'ombe wa Usalama

Siku yangu ya kwanza kazini, pale bandari kavu ya Isaka, karani mkuu alinituma kukagua maboksi ya samaki ndani ya kontena la baridi. Kontena la baridi ni lile lenye mashine ya kugandisha, la kubebea vitu vinavyooza. Niliingia na gauni la kitenge na ndala. Nje jua lilikuwa linachoma utosi, na ndani palikuwa na ukungu kama wa chungu kinachochemka, ila wa baridi. Nilipotoka meno yalikuwa yanagongana na vidole vya miguu sivisikii. Karani mkuu alicheka hadi akashika mbavu.

"Sikiliza, binti," aliniambia alipomaliza kucheka. "Baridi ikikuuma, bado hujambo. Ukiona haikuumi tena, hapo ndipo imekushika."

Nilimchukia mwezi mzima. Lakini maneno yake ndiyo niliyokuja kulia nayo miaka mingi baadaye, na wanaosoma haya wanisamehe nikipandisha sauti, maana sijapoa na sitarajii kupoa.

Kutoka Isaka nilihamia mgodini, mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi upande wa Segese, nikawa mtunza ghala la vifaa vya kujikinga: helmeti, buti zenye chuma puani, taa za kichwani, glavu, barakoa za vumbi. Mkuu wa ghala, ambaye sote tulimwita Bwana Stoo, alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mgumu. Kijana akija na buti iliyopasuka alimrudisha aulete na mguu wenyewe, auone. "Kifaa si cha ghala," alikuwa akisema, "ni cha mwili." Angekuwa hai leo ningempelekea kuku.

Bwana Stoo alipostaafu nilishika nafasi yake, na ndipo Meneja wa Usalama akaniongezea kazi ambayo hakuna Msukuma aliyewahi kuiota. Kila mwaka wakati wa kipupwe mgodi ulikuwa unapeleka kikosi cha wafanyakazi kupanda Mlima Kilimanjaro, kuchangisha madawati ya shule. Kipupwe kule juu si huu wa kwetu wa kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Kule maji hugandia kwenye chupa mtu akiwa ameishika. Mimi, Mama Kabula, ndiye niliyepewa kuwaandaa.

Niliifanya kazi ile kwa moyo. Makoti nilikuwa nayapata Kahama, sokoni kwenye mitumba. Muuzaji akifungua belo akakuta yale makoti mazito ya manyoya ya bata, alikuwa anashika kichwa, nani atavaa hilo na joto hili? Mimi nilikuwa nayachagua moja moja, nabonyeza manyoya nione kama yanafura tena, nakagua zipu. Nguo za mlimani huvaliwa kwa tabaka. Ya kwanza ni ya kubana, ya kunyonya jasho, na isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa inakuwa adui. Juu yake sweta zito, kisha koti la manyoya, mwisho koti la kuzuia upepo. Soksi za sufu. Buti zivaliwe wiki nyingi kabla ya safari hadi zikubali mguu, maana buti mpya ikikukata njiani huna wa kumlaumu. Mazoezi tulifanyia kwenye kifusi, lile lima la mawe yanayotolewa shimoni. Vijana walipanda na kushuka na mabegi ya mchanga mgongoni, nami chini nikipiga kelele waende polepole. Hewa ya juu ni nyembamba, anayekimbia ndiye huanguka. Daktari wa mgodi aliwafundisha dalili za ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kutapika, kuyumba kama mlevi. Dawa yake kubwa ni kushuka, na kushuka mapema. Mtu akisema mapema, anashuka kwa miguu yake, anakunywa chai, yamekwisha.

Akisema.

Hapa lazima niwaeleze ng'ombe wa usalama. Mgodini kwetu, shifti iliyomaliza robo mwaka bila mtu yeyote kuripoti kuumia ilikuwa inazawadiwa ng'ombe. Dume zima. Linaletwa limefungwa kitambaa cha rangi kwenye pembe, linachinjwa, watu wanakula na kuimba. Nani Usukumani atakataa ng'ombe? Lakini akiripoti mmoja tu, hata kidole kilichobanwa, ng'ombe anakwenda shifti nyingine. Basi nikawa naona mambo ghalani. Kijana anakuja kuomba glavu kubwa kuliko mkono wake, ili bendeji isionekane. Mwingine anachechemea hadi kwenye geti, akifika kwa mlinzi ananyooka. Aliyeripoti aliitwa "mla ng'ombe wetu", na jina hilo lilimfuata hadi kilabuni, hadi kanisani. Kwenye vikao tulionyeshwa kwamba ajali zimepungua. Zilikuwa zimepungua mdomoni.

Mwaka ninaousema, kwenye kikosi cha mlima alikuwemo Shija, mwendesha winchi, yaani ile mashine ya kushusha na kupandisha watu shimoni. Alikuwa mtu wa kwao Mhunze, mpole, mwenye watoto pacha nyumbani, na mke wake tulimwita Mama Doto. Pamoja naye alikwenda Magembe, rafiki yake wa shifti moja. Hao wawili walikuwa wanakula sahani moja.

Niliwaombea ruhusa Isaka, nikawapeleka wajaribu nguo ndani ya kontena la baridi. Walicheka sana njiani, wakasema Mama Kabula anatupeleka kugandishwa tuuzwe. Walikaa ndani, wakatoka mmoja mmoja wakitoa moshi mdomoni. Nilikuwa namuuliza kila mtu vidole vikoje. Shija akajibu yuko sawa, mikono ameitia mifukoni. Nikamwambia aitoe. Akatabasamu. Nikaivuta mwenyewe. Vidole vilikuwa vigumu na vyeupe kwenye ncha, glavu ya kulia ilikuwa imechanika mshono.

"Vinakuuma?" nilimuuliza.

"Hapana, mayu. Sivisikii kabisa. Niko sawa tu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na aliitamka kwa upole wa mtu anayekubembeleza usimharibie. Nikavikumbatia vidole vile kwapani mwangu hadi akaanza kuugulia maumivu, nikashukuru. Kisha nikamgeukia Magembe nikamuuliza kwa nini hakusema, naye alikuwa amesimama bega kwa bega na mwenzake ndani mle. Ndipo Magembe akaniambia jambo ambalo mimi mwandaaji sikuwa nimeambiwa. Meneja wa Usalama alikuwa ameahidi ng'ombe wa mlima. Kikosi kikifika kileleni chote, bila mtu kuripoti ugonjwa, ng'ombe ni wao na shifti zao.

Nilikwenda ofisini kwake siku hiyo hiyo, na vumbi la Isaka kichwani. Nilimsalimu, nikamweleza vidole vya Shija, nikamwambia mlima si winchi, kule anayenyamaza ndiye anayekufa. Nikamwomba amwondoe yule ng'ombe.

"Mama Kabula," alisema, "ng'ombe ndiye anayewafanya wawe makini."

"Anawafanya wawe mabubu, bosi."

Akavua miwani. "Kazi yako ni makoti. Makoti yako ni mazuri, nakusifu. Mengine tuachie sisi."

Sikumwachia. Nilikwenda kwa Meneja Mkuu, nikaambiwa wazo la ng'ombe limepongezwa hadi makao makuu. Nilikwenda kwa daktari, naye akasema amekwisha kufundisha dalili, wahusika ni watu wazima. Nikakikalisha kikosi chenyewe kule kwenye kifusi, nikawasihi kama wanangu wa kuzaa: mtu akiumwa na kichwa aseme. Waliitikia wote kwa pamoja, "Ndiyo, mama," kama kwaya. Kwaya ile nilitamani niichape viboko.

Walikwenda. Mimi niliwasindikiza hadi geti la mlima, nikabaki chini na redio ya mawasiliano. Kila jioni kiongozi wa mlima, mzee mmoja wa Kichaga aliyepanda mlima ule maisha yake yote, alikuwa ananipigia: watu wako wote wazima. Nami nilikuwa namjibu, mzee, waulize tena. Alisema anawauliza, na anawapima kwa kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu, na namba si mbaya.

Namba hazikuwa mbaya kwa sababu Shija alikuwa amefundishwa hila, kama nilivyosimuliwa baadaye. Kabla ya zamu yake kufika alikuwa anageukia nyuma ya hema anavuta pumzi ndefu za harakaharaka hadi damu inajaa hewa, kisha anatoa kidole. Alikuwa anatapika nyuma ya mawe na kufukia kwa buti. Usiku wa kupanda kileleni alivaa koti langu, akafunga zipu zote, akayumba. Kiongozi akamuuliza. Akasema buti inateleza. Walipomshika akiwa ameanguka, alikuwa anaongea na wanawe pacha kana kwamba wako pale. Walimwekea oksijeni, wakamfunga kwenye machela, wapagazi wakakimbia naye wakipokezana. Alifia njiani. Nilimpokea mimi getini, nikamfungua zipu. Alikuwa mkavu kabisa, tabaka zote zimefanya kazi yake.

Magembe aliteremka nyuma ya machela, akakaa chini mbele yangu kwenye tope.

"Tuliona, mayu," alisema. "Tangu siku ya pili tuliona. Alituomba tusiseme, na sisi tulikuwa tunataka asiseme."

Sikumpiga. Hadi leo watu huniuliza kwa nini sikumpiga. Ningempiga Magembe, nani angempiga aliyeninyang'anya neno nikiwa nimesimama ofisini kwake?

Msiba ulikuwa nyumbani kwa marehemu, huko kwao. Mgodi ulileta basi la watu, sanda, mchele, na lori. Kwenye lori kulikuwa na dume jeupe. Uongozi ulikuwa umekaa na kuamua kwamba Shija alikufa kwa ugonjwa asiouripoti, si kwa ajali ya kazini, kwa hiyo shifti haijapoteza ng'ombe wake, na litakuwa jambo la ubinadamu aletwe kwenye matanga. Meneja wa Usalama alisimama akatoa salamu. Alisema marehemu alikuwa mfano wa kujituma, kisha, Mungu anisamehe, akasema wahenga walishatuasa, mficha maradhi kifo humuumbua. Mbele ya mjane. Nilihisi mikono yangu inataka yenyewe kumrukia. Methali ni ya kweli. Lakini aliyemlipa mtu afiche, wahenga walimsemea nini?

Mama Doto alikuwa ameketi na wanawake. Alimwita Magembe, akamuuliza kwa sauti ya chini yule ni ng'ombe gani. Magembe alimwambia yote, huku analia, na sisi tuliokuwa karibu tulisikia. Mama Doto akainuka, akajifunga khanga vizuri, akatembea hadi mbele ya Meneja. Hakupandisha sauti.

"Baba, shikamoo," alisema. Meneja akaitika. "Mume wangu alimtafuta sana huyu ng'ombe. Mchinjeni mle hapa hapa nikiwaangalia, na wewe uanze."

Akasimama pale hadi ng'ombe akachinjwa, hadi nyama ikaiva. Meneja aliletewa sahani. Aliishika mapajani, hakula, hakuiweka chini. Mama Doto hakuondoka. Mwishowe mzee wa ukoo ndiye aliyekuja kumshika mkono mjane akamwingiza ndani, na lile basi la mgodi likaondoka watu wakiwa hawajanawa.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Kwenye kuniaga walinipa godoro na hotuba, na mimi nilipopewa nafasi nilimtaja Shija, kipaza sauti kikazimika. Wakasema ni umeme. Siku hizi hawatoi ng'ombe, wametambua kwamba ana jina baya. Wanatoa simu za kisasa, moja kwa kila mtu wa shifti. Utaratibu ni uleule.

Sasa ninyi mnaokuja kuniuliza koti gani linafaa mlimani, nawajibu, ila si kwanza. Kipupwe hiki kilichopita kikosi kipya kilinijia hapa nyumbani Segese, na kiongozi wao, kijana wa ofisi ya usalama mwenye maneno matamu. Niliwakaribisha, wakaniamkia, nikawapa chai. Nikamuuliza kila mmoja anaumwa wapi. Wakazunguka sebule nzima: niko sawa mama, niko sawa, niko fiti. Akabaki binti mmoja anayeendesha malori makubwa ya mawe. Aliwaangalia wenzake, akainama akavua kiatu. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi na unanuka.

"Mayu, buti zinaniumiza," alisema. "Na kichwa kinanigonga nikipanda kifusi. Naogopa."

Wenzake wakaguna. Mmoja akamnong'oneza kitu chenye neno "simu", nami nikakisikia.

Niliweka kikombe chini. Nikamwambia kiongozi wao kwamba nimepata mtu wa kwenda mlimani: atibiwe ukucha, daktari aangalie kichwa, kisha aende, mwakani kama si mwaka huu. Hao wengine wote awarudishe kwa mama zao.

Kijana alicheka, akawaambia wenzake Mama Kabula bado ni mcheshi vilevile. Wakacheka naye, isipokuwa binti. Nikasimama, nikaenda kuufungua mlango, nikaushikilia wazi hadi walipoacha kucheka.