Bibi yangu anatembea na nani asubuhi?

Leo wivu umenikimbiza mpaka nimekosa pumzi.

Muuguzi alimwambia bibi yangu, mke wangu wa ndoa, atembee kila asubuhi juu ya presha. Sawa.
Lakini mbona anarudi akicheka peke yake? Na gauni lililombana sasa linamlegea!

Leo nikamfuata, toka hapa kambini Dzaleka mpaka kwenye lami.
Kumbe iko na Joseph, jirani yetu Mrundi, yule aliyefiwa na bibi yake! Banatembea bega kwa bega, banapiga stori.

Nikakimbia nibafikie.
Jamani, kifua kikabana, miguu ikakataa. Nikakaa chini kwenye vumbi.

Bibi yangu akageuka. "Baba Aline! Kumbe ni we njo unatufuata?"

Joseph, mzee mwenye mvi, akaninyanyua kwa mkono mmoja. "Pole, ndugu yangu. Hata mi nilianza hivyo hivyo."

Afadhali angenitukana.

Bakanipeleka kliniki, kila mmoja amenishika mkono. Nikapimwa: presha yangu njo iko juu kuliko ya bibi.

Kesho natembea nabo. Na nitatembea katikati.

Mnaocheka, semeni ukweli: nyie mngebaki nyumbani?