Furushi Nyuma ya Mlango

Mwalimu Esteri wa shule ya Kitahana, karibu na mpaka wa Burundi, haishiwi maneno. Aliwaeleza kidato cha pili kwamba ‘era’ ya kwenye kitabu cha historia ni enzi, si muda wowote tu. Wiki haiwi ‘era’, wala muhula wa shule. Enzi huanza na jambo zito ambalo watu hulitumia kuhesabu miaka, kabla yake na baada yake. Ndipo Irakoze, msichana wa dawati la mbele, akauliza ni nani hutangaza kwamba enzi imekwisha.

Esteri akasema wataliangalia kipindi kijacho. Mwalimu akisema hivyo, ujue maji yamemfika shingoni.

Swali lilimfuata hadi nyumbani, maana nyumbani kulikuwa na furushi. Mama yake, Ndayikunda, alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa mgongoni mwa dada yake, na mambo yake yote huyahesabu tangu siku hiyo ya kuhunga, kama anavyoita kwa Kirundi kule kukimbia mauaji. Uraia anao, shamba analo. Hata hivyo furushi lilikaa nyuma ya mlango: sufuria, chumvi, kiberiti, blanketi. Kila malori yalipopita kwenda kambi ya wakimbizi, aliinuka kukaza fundo. Zamani Esteri alikuwa akimtania. Juzi alimwona Nadine, binti yake wa miaka sita, akiliinua kupima kama ataliweza, na tangu hapo hapati usingizi. Aliapa kulifungua kabla mtoto hajairithi hofu ile.

Alimkuta mama akipepeta maharage. Akamwomba kwa upole wapikie sufuria ile, kwani enzi ya kukimbia ilikwisha zamani.

“Nani kakwambia, mwanangu?” mama akauliza, macho kwenye ungo. “Na sisi, siku ya kuhunga, hakuna aliyetuambia kwamba inaanza.”

Potelea mbali, Esteri akaenda kulifungua furushi mwenyewe. Juu ya sufuria alikuta gauni la Nadine, limekunjwa vizuri. Kumbe mama alikuwa akilibadilisha kila mtoto alipokua. Hili lilikuwa la mwaka jana. Sasa lingembana kwapani.

Alisimama nalo. Lori likanguruma barabarani, na Nadine, uani, akaacha mchezo na kuangalia mlangoni.

Esteri aliingia chumbani, akatoa gauni kubwa zaidi, akalikunja, akalitia kwenye furushi. Kisha akakaza fundo.